Sanduku Lisilo na Alama

Tangu niache kazi, mke wangu Mwamini amenikataza mambo mawili: kupiga randa milango yake ambayo haina kasoro, na kusimulia habari ya okapi kwa wageni ambao hawajamaliza kula. Kwa hiyo naiandika. Ninyi vijana wa karakana mnaijua vipandevipande, kila mtu na kipande chake, na yuko mmoja wenu anayewaambia wateja kwamba nilimpanda mgongoni. Sikumpanda. Nilimtengenezea sanduku, na hiyo ilitosha kunibadilishia maisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu waliandika Stanleyville kwenye ramani, sisi tukaendelea kusema Kisangani. Karakana ya Papa Amisi ilikuwa nyuma ya soko, paa la bati, sakafu ya udongo iliyofunikwa na maranda kiasi kwamba ukiangusha msumari ndio umekwenda. Papa Amisi alikuwa mtu wa Kasongo, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Watu walidai analala nayo. Marehemu baba yangu alikuwa rafiki yake, na kwa sababu hiyo alinipokea, na kwa sababu hiyohiyo alinitesa kuliko wengine.

Siku ya kwanza sikushika msumeno. Nilipewa kopo la misumari iliyopinda na jiwe la kuinyooshea. Niliponyoosha yote akaleta kopo la pili. Nikamwuliza kwa nini tusinunue mipya.

"Musumari iliyopinda haina kosa," akasema. "Mutu ndiye alipiga mubaya. Nyoosha, utajua kila mutu hapa anapiga namna gani."

Kweli nilijua. Ile ya fundi mmoja ilipinda kushoto kila siku, na nilipomwona akigonga nikaelewa kwamba anashika nyundo kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Baada ya misumari nilifundishwa kunoa. Nimenoa kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa shule, na sioni kwamba nilipunjwa.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa nje ya karakana. Siku moja alinituma kwenye maporomoko, kwa Wagenia, nikaangalie miti yao ya kutegea samaki inavyosimama katikati ya maji yale yenye hasira. Alitaka nimletee jibu moja: wanatumia misumari gani? Mvuvi niliyemwuliza alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna hata mmoja. Ni kamba za msituni tu, zimefungwa zikiwa mbichi, zikikauka zinabana. "Musumari inapigana na maji," aliniambia. "Kamba inasikilizana nayo." Akanifundisha fundo lao, mikono yangu ikalishika, kisha nikalisahau kwa kuwa makabati hayalihitaji.

Karakana yetu ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa vanishi. Hakuna kitu kilichotoka pale kikiwa uchi, hata ngazi, hata ubao wa kufulia. Papa Amisi aliipaka mwenyewe, mkono juu ya mkono, na mtaa mzima ulijua kwa pua kwamba kuna kazi imekwisha. Sheria ya pili ilikuwa alama. Alikuwa na chuma chenye herufi A ndani ya duara. Alikitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, akakibandika pale mahali mteja hataona asipotafuta. Kazi isiyompendeza aliizunguka, mikono nyuma, halafu akaenda kunywa chai. Hakutukana mtu. Ile chai ilitosha.

Mimi nilikuwa na malengo mawili, na kosa la ujana ni kwamba niliyatangaza. La kwanza, kushuka mto mpaka Léopoldville na kuingia karakana kubwa, zile zinazochonga viti vya miguu ya kujipinda. La pili, kuwa na chuma changu mwenyewe, chenye herufi zangu. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mwamini naye alitaka kwenda. Alisema amechoka kujulikana na kila mwanamke sokoni. Binamu yangu aliyekuwa huko akatutumia habari: nafasi ipo, tajiri ananisubiri kwa bateau ijayo, ile meli ya mto, nisipotokea atachukua mwingine. Nilimwambia Papa Amisi. Alisema, "Bon," akaendelea kupiga randa. Niliumia. Nilidhani angalau ataacha randa.

Kazi yangu ya mwisho kwake ikawa sanduku la mnyama. Huko mashariki, barabara ya Ituri, kulikuwa na kambi ya kukamata okapi, na mmoja alitakiwa kuletwa Kisangani apande ndege uwanja wa Simi-Simi kwenda Ulaya. Nililijenga kwa mbao nyepesi za limba, mlango wa kuvuta juu, nafasi za hewa, pembe zote zimeuma kama meno. Papa Amisi akalipaka vanishi ndani na nje mpaka likang'aa. Lilistahili kulaza bwana arusi. Akalipiga ile A ubavuni, na mimi nikajiambia kwamba sasa naweza kusafiri.

Losala, dereva wa lori, alikuja kulichukua asubuhi yenye unyevu, mlango ukakwama. Mbao zilikuwa zimevimba. Losala alikuwa Mulokele, kabila la watu wa mto, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alisema hana haraka isipokuwa ile ya kuondoka. Papa Amisi akanitazama.

"Panda na yeye mpaka kwa kivuko. Ile mulango utaifungua njiani. Utarudi na camion ya mangaribi."

Nilichukua randa ndogo, keekee ya kutobolea na nyundo. Nilimpitia Mwamini, nikamkuta anafunga vyombo. Nikamwambia jioni niko nyumbani.

Mlango ulikaa sawa kabla hatujafika kivukoni, na ningeshuka pale pale lau si mvua. Zamani zile ikinyesha, walinzi wa barabara walishusha mti katikati ya njia, na gari halikupita mpaka udongo ukauke. Tulikuwa tumevuka ng'ambo, maana Losala alisema lori la kurudi husubiri upande huo, na nyuma yetu mti ukashuka. Mbele palikuwa pakavu bado. Lori la kurudi halikuwapo.

"Bon, alors, tunaenda wote," akasema Losala. "Utaona nyama. Kuko batu wanatoka Ulaya kwa kuona nyama, weye unaona bure."

Mimi ni mtoto wa mjini. Nyama niliyoijua ilikuwa ya sufuria. Siku ile nilikaa karibu na Losala mdomo wazi. Nyani walivuka barabara wakitutazama kama wenye nyumba. Kinyesi cha tembo kilikuwa kinafuka moshi na Losala akakizunguka kwa adabu. Lakini kilichonishika zaidi ni miti. Niliona mvule umesimama wima kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kuuona umelala, tayari umepasuliwa. Nilianza kuhesabu milango ndani yake. Losala akanicheka, akaniambia nile kwa macho tu.

Kambini tulipokelewa na Abeli, mlishaji wa wanyama, mtu wa Mambasa, mfupi, mwenye mazoea ya kuongea kwa sauti ya chini hata akiwa mbali na wanyama. Alinipeleka uani. Okapi alikuwa amesimama nyuma ya majani, na nilimtazama kitambo nisimwone, mpaka akasogeza mguu. Miguu ina mistari ya punda milia, mgongo kama mbao iliyolowekwa mafuta, na ulimi mrefu mweusi ambao alijifutia nao jicho lake mwenyewe. Alikuwa jike, bado mdogo. Walimwita Bibi Arusi kwa sababu alikula akiwa amewapa watu kisogo.

Kazi ya kumwingiza okapi sandukuni haina nguvu ndani yake. Sanduku linawekwa mwisho wa njia yenye uzio, mlango wazi, na majani anayoyapenda yananing'inizwa ndani. Anaingia kula, anatoka, anaingia tena, mpaka sanduku liwe chumba chake. Ndipo mlango unashushwa polepole. Tuliliweka langu, Abeli akatundika majani. Bibi Arusi akaja mpaka kizingitini, akanyoosha pua, akarudi nyuma, akageuka. Jioni ilikuwa vilevile, na hakuwa amekula.

Abeli aliingia mwenyewe, akatoka akisugua pua. "Fundi, iko muzuri sana. Lakini iko na arufu. Kwa ile arufu, majani yote inakuwa dawa. Na chini inateleza. Yeye anaogopa chini inayoteleza kuliko chui."

Nikamwuliza itakuwaje. Akanionyesha sanduku la zamani lililoegemea kibanda, jembamba, mbao zimepasuka. Okapi aliyesafirishwa humo kabla yake aliteguka mguu njiani na hakufika. "Bon, tutatumia ile," akasema Abeli. "Ndege haingojee. Bibi Arusi asipokula hapa, asipokula na njiani, nitazika mwingine." Alilisema hilo akitazama pembeni, na nikajua kwamba yule wa kwanza alimlilia.

Asubuhi barabara ilifunguliwa. Lori la kahawa likasimama langoni likielekea Kisangani, na nafasi ilikuwapo. Losala alikuja mbio, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Panda, Ramazani. Bateau yako iko kesho kutwa. Huyu atakufikisha leo. Ile caisse, sanduku yako, sisi tutajua."

Niliweka mguu kwenye ngazi ya lori. Nitasema ukweli: sikubaki kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, njiani. Nilibaki kwa kiburi. Lile sanduku lilikuwa na alama ya Papa Amisi ubavuni na mikono yangu kila mahali, na sikuweza kukaa Léopoldville nikichonga miguu ya viti huku nikijua kwamba mnyama amelikataa sanduku langu na ana haki. Tena nilipiga hesabu: nikilisafisha leo, akiingia kesho asubuhi, kesho kutwa nawahi bateau. Nilishusha mguu. Dereva wa kahawa akaniita mujinga, akaenda zake.

Vanishi haitoki kwa kuombwa. Nilipiga randa kila mahali ilipofika, na kwenye pembe nikakwangua kwa kioo cha chupa ya bia iliyovunjika, ambacho mpaka leo nasema hakuna chuma kinachokishinda kwa kazi hiyo. Ile A nayo ikaondoka. Sikuwa na namna, chuma cha moto kilikuwa kimeiunguza vanishi ikashika ndani ya herufi. Abeli alisaga majani nikasugua kuta zote mpaka zikawa kijani. Ikabaki sakafu. Nilitaka kupigilia vijiti vya kukingama ili kwato zishike. Nilipiga nyundo mara moja tu. Upande wa pili wa uzio Bibi Arusi akakimbia akajigonga. Abeli akanishika mkono.

Nikakaa juu ya nyundo yangu. Halafu nikakumbuka lile fundo la Mugenia. Nilitoboa kwa keekee, polepole, haina kelele, nikafunga kila kijiti kwa kamba mbichi za msituni, na Abeli akakaa mwishoni akivuta kwa meno. Tulipomaliza, hakukuwa na msumari hata mmoja pale alipokanyaga. Lile sanduku lilikuwa na sura ya kibanda cha kuku. Kwa Papa Amisi lisingepata hata ile chai.

Kesho yake hakuingia. Alisimama kizingitini, akalamba ukuta, akaondoka. Nilijua wakati ule kwamba bateau inanipita, nikamfikiria Mwamini na vyombo vyetu, na nikaenda nyuma ya lori nikalia kidogo. Losala alinikuta. Akanipa kwanga, ule mkate wa muhogo, nikala. Siku iliyofuata, jua likiwa bado changa, Bibi Arusi aliingia kama anayeingia kwake, akatupa kisogo, akala. Abeli akashusha mlango wangu kwa vidole viwili, na haukukwama.

Njia ya kurudi Losala aliendesha kama anayebeba mayai, hata tukalala njiani. "Malembe, malembe," yaani polepole, alikuwa akiliambia lori, si sisi. Mimi nilikaa nyuma, bega kwenye ubao. Nilimsikia Bibi Arusi akihema. Kila lori lilipotikisika kwato zilitafuta kijiti, zikakipata, zikatulia, na mimi nikatulia nazo. Ile huruma niliyosema iliingia hapo. Sijui kama alijua kwamba kuna mtu upande wa pili, lakini nilipoegemeza mkono kwenye nafasi ya hewa ulimi ulitoka, ukanionja, ukarudi.

Kwenye kivuko ndipo nilipoogopa kweli. Wapiga makasia wa pale walivusha magari kwa kuimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanajibu, ngoma inagongwa, na makasia yanaingia majini pamoja. Bila wimbo kila mtu anavuta kwake na kivuko kinazunguka. Losala alishuka akaongea nao Kilingala muda mrefu. Mkubwa wao alikuja akachungulia sandukuni, akavua kofia yake ya majani.

"Tangu baba yangu, hatuyavuka kimya," akasema. "Hata maiti tunaiimbia."

"Huyu iko muzima, papa," nikamjibu. "Njo maana."

Akafikiri. Kisha akasimama mbele, akainua kofia juu, akaishusha, na makasia yote yakaingia. Akaiinua tena. Tulivuka mto mzima hivyo, kwa kofia, wanaume wale wamefunga midomo na mashavu yamejaa wimbo. Nimeona mengi katika kazi hii. Sijaona adabu kama ile.

Simi-Simi ndege ilikuwa imeshafika. Na pale kwenye kivuli cha banda nikamwona Mwamini, amesimama na Papa Amisi. Nilimwendea mke wangu kwanza.

"Bateau iliondoka jana," akasema. "Nilikaa juu ya godoro letu kwa beach ya bateau mpaka batu wakaniuliza kama ninaliuza."

"Uliwajibu nini?"

"Niliwaambia ninauza bwana, godoro hapana." Hakuwa anacheka. Alichukua muda mrefu kucheka, na mpaka leo nasema alikuwa na haki.

Papa Amisi alikuwa analizunguka sanduku, mikono nyuma. Nilijua mzunguko ule. Aligusa mbao zilizokwanguliwa, akanusa kidole, akainama akatazama kamba za sakafuni, akatafuta ile A yake asiione.

"Vernis yangu iko wapi?"

"Alikataa, Papa. Nilibaki naitoa."

"Na musumari?"

"Anaogopa nyundo."

Aliweka sikio kwenye ubao, akasikiliza yule mnyama akitafuna. Nilisubiri aende chai. Badala yake akaenda kwa mama mmoja aliyechoma ndizi kando ya uwanja, akachutama penye makaa yake. Mwamini akaninong'oneza kwamba amekuja na kitu kimefungwa kitambaani, amekibeba tangu siku alipokileta bandarini kuniaga na asinikute. Papa Amisi alirudi ameshika chuma, na mwisho wake ulikuwa mwekundu. Hakikuwa cha A. Kilikuwa na R na S, Ramazani Saidi, herufi zangu mimi. Alikuwa amekiagiza kwa mhunzi tangu siku ile aliponijibu "Bon" bila kuacha randa.

"Shika," akasema. "Hii kazi iko yako. Piga."

Mnafahamu nilivyokitaka kile chuma. Nilikishika, joto lake likanipanda mpaka kiwiko. Nafasi ilikuwapo, pale pale nilipoikwangua A, mbao safi inangoja. Alama yangu ya kwanza ingepanda ndege. Nilisogea. Ndani Bibi Arusi akaacha kutafuna. Alikuwa amepata harufu ya chuma cha moto. Kwato zikaanza kutafuta vijiti.

"Hapana, Papa," nikasema. "Moshi itamutisha."

Nikakichomeka kile chuma mchangani. Kikalia kidogo, kikawa cheusi. Papa Amisi alinitazama, nikadhani amechukia, maana mkono wake ulikwenda sikioni, akaitoa ile kalamu, akairudisha bila kuandika kitu.

"Donc sasa unaweza kurudi nacho nyumbani," akasema. Akawasaidia wapagazi kubeba sanduku.

Léopoldville sikufika. Mpaka leo mto wote ninaoujua unaishia Basoko, mwanzo tu wa safari ile, na kazi yangu iliyofika mbali kupita zote haina jina. Nafasi yangu ilichukuliwa na mwingine, nikasikia alichonga vizuri. Mimi nilijenga masanduku mengi ya wanyama baada ya pale, na milango, na makabati, na kuta za nyumba hii ambayo Mwamini ananizuia kuipiga randa, na nikipimwa kwa malengo yangu ya ujana nimepata nusu. Ile nusu nyingine siilalamikii.

Kile chuma cha R na S nimekiacha kwenye msumari karibu na dirisha la karakana. Kitumieni, tengenezeni na vya kwenu. Ila kabla hamjakitia motoni, wekeni sikio kwenye mbao. Mkisikia kitu kinahema ndani, rudisheni chuma ukutani.